Mtoto Aliyepotea Katika Sehemu ya Kwanza

Leo siandiki juu ya barabara wala bei ya makala. Naandika juu ya ugomvi. Ulianza nyumbani kwa dada yangu, jioni moja mvua ikinyesha, telefone ikiwa imebaki na asilimia 31 na watu tisa wakiitazama.

Nyumba ya dada yangu ina vyumba viwili. Tangu ndugu za shemeji wafike kutoka upande wa Rutshuru na mizigo kichwani, wanalala humo watu kumi na mmoja. Televisheni ipo, umeme ndio wa kubahatisha. Basi jioni telefone ya mtoto wake wa kwanza, kijana wa miaka 16, inaegemezwa kwenye sufuria, na mwenye kadi ya memori ndiye anayeamua kitakachoonekana. Siku hiyo nilikuja na kadi yangu. Nilitaka tutazame Tout le monde déteste Chris, ile seri ya kuchekesha ya Marekani ambayo sisi huku tumeijua kwa Kifaransa. Kijana akakataa. Yeye alitaka anime, katuni za Kijapani.

"Mjomba," akaniambia, "hizo zako si hadithi. Mambo yanatokea, watu wanacheka, kesho wamesahau yote. Kwenye anime, mtu akikatwa mkono leo, kesho hana mkono."

Wakubwa wakacheka, akaambiwa amheshimu mjomba wake. Mimi nilicheka pia, lakini neno lile lilinifuata hadi kazini. Wengi wenu mnanijua kwa habari za saa kumi na mbili na nusu, lakini tangu mwaka jana naandika pia mchezo wa redio, dakika kumi kila Alhamisi, juu ya familia iliyokimbia vita. Mtu akisema kwamba hadithi fulani si hadithi, inanigusa mfukoni na moyoni.

Nianze kwa kutetea upande wangu, maana nina deni nao.

Mwezi wa kwanza mwaka 2002, Nyiragongo ilipolipuka na moto wake kupita katikati ya Goma hadi ziwani, nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Nyumba yetu iko chini ya mawe yale. Si maneno ya kupamba. Juu yake leo kuna nyumba ya mtu mwingine. Tulikwenda Bukavu kwa mama mkubwa, na jirani yake alikuwa na televisheni na kanda za video. Huko ndiko nilikoona Le Prince de Bel-Air kwa mara ya kwanza. Kijana maskini anatumwa na mama yake kwa mjomba tajiri, basi, hiyo ndiyo hadithi yote. Nilikuwa mtoto aliyetumwa kwa mama mkubwa, ingawa yule mama mkubwa wetu hakuwa tajiri hata kidogo.

Jambo nililolipenda sikulijua jina wakati ule. Kila sehemu ilirudi kwenye sebule ileile. Kiti kirefu palepale, ngazi palepale. Watu waligombana, walidanganyana, gari liligongwa, na baada ya dakika ishirini na kitu sebule ilikuwa nzima tena. Kwa mtoto ambaye sebule yao imegeuka jiwe, hiyo ilikuwa dawa. Ndiyo maana siwezi kusema pamoja na kijana wetu kwamba kusahau ni uvivu wa mwandishi. Seri hizo zilitengenezwa hivyo kwa makusudi, ili mtu aliyekosa wiki iliyopita aingie bila kupotea, na ili kituo cha televisheni kiweze kuzirudia kwa mpangilio wowote. Le Prince de Bel-Air ilitoka kuanzia 1990 hadi 1996, sehemu 148. Ukichukua yoyote katikati, utaielewa.

Na kuandika namna hiyo si kazi nyepesi. Kwa kawaida waandishi wa seri hizi hukaa wengi katika chumba kimoja, wanagombania neno mojamoja, kwa sababu kicheko kina sheria kali. Neno la kuchekesha lazima lije mwisho wa sentensi. Ukilitanguliza, limekufa. Nenda kwa Julius, baba yake Chris. Ni mtu wa kazi mbili, na kila kitu kwake kina bei. Maziwa yakimwagika mezani, yeye haoni maziwa, anaona senti, na anataja ni ngapi. Saa ikiwa kwenye umeme wakati mtu amelala, anahesabu hasara. Tabia moja tu, lakini waandishi wameibeba kwa misimu minne, kuanzia 2005 hadi 2009, na haichoshi, kwa sababu chini yake kuna hofu ya kweli. Mtu huyu anajua umbali uliopo kati ya watoto wake na njaa, naye anaupima kila asubuhi. Chris Rock, ambaye seri hiyo imetokana na utoto wake katika Brooklyn na ambaye sauti yake ndiyo inayosimulia, hakuhitaji kutuhubiria umaskini. Alimpa baba kalamu ya kuhesabu.

Hapo kwenye kipimo cha sentensi kwa sentensi, nasema bila kuogopa: Wamarekani wanawashinda Wajapani. Anime nyingi zinaongea mno. Mtu anapigwa, kisha anatueleza amepigwaje, kisha rafiki yake pembeni anaeleza tena. Na Naruto, ambayo kijana wetu anaipenda kama shule, ina aibu yake. Ile ya kwanza, ya 2002 hadi 2007, ilikuwa inakimbia kuliko kitabu cha picha ambacho Masashi Kishimoto alikuwa bado anakiandika wiki kwa wiki. Ilipokikaribia, watengenezaji wakajaza pengo kwa visa vyao wenyewe. Sehemu karibu 80 mfululizo kati ya 220, ambazo ukiziruka hupotezi chochote. Nilipomwambia kijana hilo, aliangalia chini. Anazijua, ameziona zote, na mega alizotumia hazitarudi.

Lakini sasa nifike kwenye upande wake, maana ndiko nilikoshindwa.

Kuna sehemu moja ya Le Prince de Bel-Air ya mwaka 1994 ambayo watu wengi wanaikumbuka. Baba yake Will anarudi baada ya miaka 14. Will anamwamini, anafunga mizigo ili wasafiri pamoja, hata amemnunulia zawadi, sanamu ya baba na mtoto. Baba anamwacha tena. Will anajifanya hajali, anatania, anahesabu yote aliyojifunza bila baba, halafu sauti inavunjika na mjomba Phil anamkumbatia. Picha ya mwisho ni ile sanamu. Hakuna mzaha wa kufunga. Nimeiona mara nyingi, na kila mara koo langu linakaza.

Kijana hakubisha kwamba ni nzuri. Aliuliza jambo moja tu: "Na wiki iliyofuata?"

Wiki iliyofuata, ndugu wasomaji, watu walikuwa wanachekeshana kama kawaida. Sanamu sikuiona tena. Seri hii ndiyo ileile iliyobadilisha mwigizaji wa shangazi Vivian na maisha yakaendelea, na ambayo mtoto mchanga wa nyumba aliruka kutoka kubebwa hadi kukimbia na kuongea kati ya msimu mmoja na mwingine. Sebule iliyoniponya mimi ilikuwa inameza kila kitu, hata machozi ya Will.

Ndipo kijana akanionyesha alichotaka nione. L'Attaque des Titans, ya Hajime Isayama, ambayo kwenye televisheni ilianza 2013 na kumalizika 2023. Nilijua jina, sikuwahi kukaa nayo. Ukuta unabomolewa, majitu yanaingia, mtoto Eren anaona mama yake amebanwa chini ya nyumba yao na anabebwa mbali naye kwa nguvu. Sehemu ya pili inakuja habari ya waliokimbia. Wanapanda mashua, wanafika kwa wenzao wa ndani, wanapewa mkate mdogo na kutazamwa kama watu waliokuja kumaliza chakula. Mwaka unaofuata serikali inachukua watu 250,000, wengi wao wakimbizi, na kuwatuma wakarudishe ardhi iliyopotea. Wanaorudi ni wachache sana. Chakula kinatosha tena.

Ndani ya nyumba hakuna aliyesema kitu. Mama mmoja kati ya wale waliotoka Rutshuru, aliyekuwa anachambua maharagi na ambaye tulidhani haangalii, aliuliza: "Huyo aliyeandika amekaa kwenye kambi gani?" Nikamwambia ni Mjapani. Akaendelea kuchambua.

Nilitazama yote kwa wiki kadhaa, usiku, kwa kuazima chaji ya kazini. Yako mengi humo nisiyoyapenda, na mwisho wake umegombanisha watu dunia nzima. Lakini kuna msichana mmoja, Sasha, ambaye nataka kumzungumzia, maana yeye ndiye aliyeninyamazisha.

Sasha ni mchekeshaji wa kikosi. Mara ya kwanza tunamfahamu anatafuna kiazi mbele ya mkufunzi mkali wakati wenzake wamesimama wima, na anapokaripiwa anamkatia mkubwa wake kipande kidogo. Huo ni mzaha ambao Julius angeuelewa. Ni binti wa chakula, basi, na kwa misimu mitatu tunacheka naye hivyo. Kisha, katika sehemu iliyotoka 2021, anapigwa risasi na mtoto wa upande wa pili, msichana wa miaka 12 anayeitwa Gabi, ambaye naye mtaa wake umeshambuliwa na watu wake wamekufa. Sasha akiwa anakata roho, neno lake la mwisho ni nyama.

Mzaha uleule. Mwandishi aliupanda mwanzoni, akatuacha tucheke kwa miaka, halafu akaurudisha ukiwa na bei yake. Na hakuishia hapo. Baba yake Sasha anachunga farasi na kulea yatima wa vita, na Gabi anafika kwake bila yeye kujua ni nani. Anapoambiwa kwamba mtoto huyu aliyemlisha ndiye aliyemuua binti yake, na kisu kipo, anakataa kulipiza. Anachosema, kwa maneno yangu, ni kwamba dunia ni msitu wa kuuana, na kazi ya watu wazima ni kuubeba msitu huo ili watoto watoke. Nilisimamisha hapo. Nimewahi kuhoji wakubwa wengi kwenye mikutano ya amani, katika hoteli zenye viti vya kitambaa cheupe. Sikumbuki mmoja aliyesema hivyo.

Lakini anime nazo huogopa, nami nilimwambia kijana wazi. Katika Naruto kuna Nagato, mtoto wa nchi ndogo ya mvua ambayo mataifa makubwa yalipigania vita vyao juu ya ardhi yake. Wazazi wake waliuawa na askari wa kijiji kilekile cha Naruto tunachokipenda. Anakua, anarudi, anakibomoa kijiji hicho. Anamuuliza Naruto: wewe ungeleta amani vipi? Na Naruto, shujaa, anakiri kwamba jibu hana. Mpaka hapo ni maandishi makubwa, hakuna seri ya kuchekesha iliyofika huko. Kisha Nagato anatoa maisha yake na kuwafufua wote aliowaua kijijini. Wote! Wanainuka wanafuta vumbi. Kwangu mimi, hiyo ni sebule ya Bel-Air iliyorudi kwa mlango wa nyuma. Mwandishi alitupa swali la kweli, halafu akalipa deni kwa pesa bandia. Afadhali Fullmetal Alchemist ya Hiromu Arakawa, ambapo ndugu wawili wanajaribu kumfufua mama yao na kinachopatikana si mama. Mmoja anapoteza mwili mzima, mwingine mkono na mguu. Baadaye wanachoma nyumba yao wenyewe ili wasiwe na pa kurudi. Hiyo sikuweza kuitazama mara mbili.

Sasa nieleze kwa nini haya si mazungumzo ya burudani tu kwangu.

Mchezo wangu wa redio nilipouanza, niliuandika kama anime, ingawa sikujua. Sehemu tatu za kwanza zilikuwa kukimbia, milio ya risasi, kikongwe kufa njiani. Katika ile ya kwanza kabisa, mtoto wa miaka minane anaachia mkono wa mama yake kwenye umati, mahali barabara inapogawanyika, na haonekani tena. Nilijivunia sana. Tulipopeleka kinasa sauti kwenye klabu ya wasikilizaji, ndani ya kambi, chini ya turubai, watu walisikiliza kimya hadi mwisho. Kisha mama mmoja mzee akasema kwa upole: "Mwanangu, kulia tunajua. Hutatufundisha wewe."

Nilirudi nimeinamisha kichwa. Nikabadilisha. Nikamchukua baba wa familia yangu ya redio na kumpa hesabu, kama Julius. Ndani ya hema anahesabu kila kitu: njiti za kiberiti, maji ya kunawa, hata hatua za kwenda kuchota maji, ati viatu vinaisha. Mke wake anaimba wakati wa kusonga bugali, yeye anamwambia ashushe sauti, kuimba kunaleta njaa. Sehemu ya nne na ya tano zilikuwa hivyo. Kwenye klabu watu walicheka hadi mzee mmoja akatoka nje kukohoa. Vijana wa kambi wakaanza kuitana kwa jina la yule baba. Nilijua nimepata.

Baada ya sehemu ya sita, kicheko kilipotulia, mama mwingine aliinua mkono. Yeye hakuwa mzungumzaji; kwenye mikutano yote sikuwahi kusikia sauti yake. Akauliza: "Yule mtoto aliyepotea katika sehemu ya kwanza, amefika wapi?"

Nilikuwa nimemsahau.

Niwe mkweli mbele yenu, sikuwa nimemwacha kwa makusudi. Nilikuwa nimemsahau kabisa. Vichekesho vilikuwa vimenoga, hema lilikuwa limeshakuwa sebule, na mtoto niliyempoteza mimi mwenyewe kwa kalamu yangu hakuwa na nafasi ndani yake. Mama alikuwa amemhesabu kwa wiki tano. Kiongozi wa klabu aliniambia baadaye, tukiwa pembeni, kwamba mwanawe mama huyo hajaonekana tangu siku waliyokimbia.

Nilimpelekea kijana wetu shida hiyo kama mtu anayepeleka redio kwa fundi. Nikamweleza yote. Nilidhani atasema mtoto arudi akiwa amekua, ana nguvu, kama kwenye anime zake. Alifikiri kidogo, akasema: "Usimfufue kama Nagato. Lakini usimuue pia, hujui." Halafu akaongeza, kwa sababu ni mjanja na ameanza kumpenda Julius kwa siri: "Yule baba yako anahesabu kila kitu. Mtoto wake amemhesabuje?"

Usiku huo niliandika sehemu ya saba. Jioni, baba anagawa bugali. Anahesabu vipande kwa sauti, kama kawaida yake, na anahesabu vibaya: watu ni watano, yeye amekata sita. Mke anamcheka, anamwambia leo hesabu imemshinda. Anasema hapana, hesabu ni sawa. Tena anataja unga uliotumika kwa kipande hicho cha sita, kwa siku, kwa wiki, kwa miezi yote tangu ile njia panda, kwa faranga, bila kukosea hata moja. Amekuwa akikikata kila siku na kukila yeye usiku wa manane ili kisiharibike.

Tuliirekodi Jumanne. Mwigizaji wa baba, ambaye mchana ni fundi wa chukudu, alirudia mstari wa mwisho mara nne kwa sababu mara tatu za kwanza aliuigiza kwa huzuni, nami nilitaka auseme kama bei ya chumvi sokoni.

Nilikwenda kambini kabla haijarushwa, nikamwomba yule mama asikilize peke yake kwa kisikio. Sikutaka aisikie mbele ya watu. Alisikiliza ameshika telefone kwa mikono miwili. Pale kwenye hesabu vibaya alitabasamu. Baadaye alinirudishia telefone, akaniuliza ni kwa nini baba anakila usiku, kwa nini hawapi wadogo. Nikamwambia sijui, labda ana aibu. Akasema ampe mdogo wa mwisho. Nikabadilisha, na ilibidi tumwite fundi wa chukudu arudi.

Sehemu ya nane bado iko kwenye karatasi. Mtoto yuko njia panda bado, na sijaamua. Kijana wa dada yangu anasema atasikiliza Alhamisi kama betri itafika, na kwamba sasa ni zamu ya kadi yake ya memori kwa wiki mbili.